Mwaka Ngozi Zilipokosa Bei

Mimi ndiye niliyempelekea Nasieku habari kwamba ngozi hazina bei tena. Ningeweza kumpigia simu, lakini tulikuwa tumefanya biashara miaka kumi na sita, nikaona aibu. Nikawasha pikapu nikaenda kwake Ngaramtoni, nje kidogo ya mji wa Arusha.

Jina langu ni Abdiel, ingawa wengi huniita Baba Irine, kwa jina la binti yangu. Kwetu ni Machame, ila nimeishi Arusha tangu nimalize shule. Kazi yangu wakati huo ilikuwa kukusanya ngozi mbichi za ng'ombe na mbuzi kutoka machinjio ya kuzunguka Mlima Meru na kuzipeleka Dar es Salaam, ambako wakala alizitia kwenye kontena, meli ikazichukua kwenda Asia. Zikifika huko ziligeuzwa nini, sikuwahi kuuliza. Mimi nilijua uzito, chumvi na lori.

Nasieku tulimwita Mama Yiamat, kwa jina la mwanawe wa kwanza. Ni mama wa Kiarusha wa upande wa magharibi wa mlima, mjane, mrefu, asiyependa maneno mengi. Banda lake la mabati lilikuwa nyuma ya machinjio. Alinunua ngozi zikiwa bado na joto la mnyama, akazipaka chumvi na kuzipanga. Ngozi zake zilikuwa safi kuliko za mtu mwingine yeyote niliyenunua kwake, kwa sababu mchinjaji aliyetoboa ngozi kwa kisu alirudishiwa ngozi yake palepale, mbele ya watu. Wachinjaji walimwogopa.

Siku hiyo nilimkuta ameinama juu ya ngozi ya fahali. Nikamweleza yale wakala aliyonieleza. Viwanda vya viatu vya huko nje vilikuwa vimehamia kwenye plastiki na ngozi bandia. Nauli ya kontena ilikuwa imepanda. Ukijumlisha lori la kutoka Arusha hadi bandarini, zaidi ya kilometa mia sita, pamoja na kodi ya kusafirisha ngozi ghafi, gharama ya kuifikisha ngozi melini ilizidi bei ya ngozi yenyewe. Walio karibu na bandari labda wangeambulia kitu. Sisi wa huku juu, hapana.

Alinisikiliza huku akitandaza chumvi, hakunikatiza. Nilipomaliza aliniomba nirudie sehemu ya mwisho.

"Tuko mbali," nilisema. "Ndivyo wanavyosema, Mama Yiamat. Tuko mbali mno."

"Mbali na wapi?"

Nikamtajia bandari, viwanda, soko la dunia. Akanyoosha mkono wake wenye chumvi kuelekea barabara ya Nairobi, ambako wanafunzi walikuwa wakipita kutoka shule.

"Wale wote wana miguu," alisema. "Na sijaona ng'ombe akitoka mbali kuja kuchinjwa hapa. Ngozi iko hapa, miguu iko hapa. Sasa kilicho mbali ni nini, Baba Irine?"

Nikamwambia biashara haiendi hivyo. Nikamshauri azitupe zile alizokuwa nazo, kama mia nne hivi, atafute shughuli nyingine kabla mtaji wote haujaisha. Alirudi kwenye chumvi yake kama vile sijasema kitu.

Wenzake wote walizitupa. Ndani ya mwezi mmoja ngozi zilikuwa zimezagaa kwenye makorongo yote ya kule, mbwa wakiziburuta mpaka kwenye viwanja vya makanisa. Wachinjaji walianza kuzigawa bure, na baadaye hata bure hakuna aliyezitaka. Nasieku peke yake aliendelea kuzipokea na kuzitia chumvi. Majirani walilalamikia harufu. Bwana afya akaja na barua, akampa siku kumi na nne azifukie.

Mimi nilikuwa nimeshageuza upande. Nilifungua duka la viatu mtaa wa Levolosi, mjini Arusha. Viatu vyangu vilitoka China kupitia Kariakoo: vya shule, vya plastiki, vyeusi, vinang'aa kama vimepakwa mafuta. Vilikuwa rahisi kuliko chochote ambacho fundi wa Arusha angeweza kushona. Wakati mwingine nilifikiri kwamba meli zile zile zilizokuwa zikichukua ngozi zetu ndizo zilizokuwa zikileta vile viatu, lakini sikulifuata wazo hilo lifike popote. Nilikuwa na watoto wa kusomesha.

Kwa nia njema kabisa nilimpelekea Nasieku katoni mbili auze siku za soko. Nilidhani nimemsaidia. Siku ya tatu wifi yake, Nosim, alifika dukani na katoni zote mbili, hazijafunguliwa. Nosim ni mtu wa kucheka, lakini siku ile hakucheka. Alisema Mama Yiamat anashukuru, na anauliza kama namfahamu mtu yeyote katika mkoa huu anayejua kuigeuza ngozi mbichi iwe ngozi ya kiatu.

Nilimfahamu. Mzee Philemoni wa Makumira alikuwa msimamizi wa mapipa katika kiwanda cha ngozi kilichofungwa miaka ya tisini, mashine zake zikauzwa kama chuma chakavu. Nilikuwa nikimwona kwenye misiba. Nikampeleka Nasieku kwake kwa pikapu, nikijiambia kwamba mzee atamkatisha tamaa na jambo litaishia hapo.

Tulimkuta anapunguza migomba. Tukamwamkia shikamoo, akaitikia, akatuletea viti. Nasieku hakukaa. Alieleza shida yake kwa maneno machache. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, kisha akakataa. Alisema ile kazi ilikufa na yeye aliizika.

"Mwaka tuliofunga, alikuja mtaalamu na chati," alisema. "Akatuonyesha kwamba nchi kama yetu, ilivyo mbali na ilivyo maskini, inafaa iuze ngozi mbichi na inunue viatu. Akasema dunia imeshajipanga hivyo. Nilikaa mstari wa mbele, mama. Nikapiga makofi."

Hakusema kwa uchungu. Alisema kama mtu anayetaja ugonjwa aliowahi kuugua. Nilishaanza kuaga, ila Nasieku alikuwa amekwenda kwenye pikapu. Alirudi na ngozi moja begani, akaitandaza chini kati ya miti ya kahawa, upande wa nyama juu, akamwomba mzee amwonyeshe kasoro yake tu, halafu tutaondoka.

Mzee aliitazama kutoka pale alipoketi. Kisha akainuka, akapiga goti, akapitisha kiganja kutoka shingoni hadi mkiani, polepole, akirudia sehemu moja mara mbili.

"Aliyemchuna huyu anatumia mkono wa kushoto," alisema.

"Ni Tajeu," Nasieku akajibu. "Ndiyo, ni wa kushoto."

Mzee hakuinuka tena kwa muda mrefu. Alianza kumwambia habari za maji, za chokaa inayolegeza manyoya, za pumba zilizochachushwa za kuitoa chokaa yenyewe, za magome ya miti ya miwati yanavyotwangwa na kulowekwa ili maji yake yaikaze ngozi isioze. Nasieku naye akapiga goti upande wa pili. Mimi nilibaki na viti vitatu. Nikaondoka na Nasieku jioni, na Jumatatu iliyofuata mzee alikuwa Ngaramtoni na begi lake la nguo.

Majaribio ya kwanza yaliharibika vibaya. Mzee alikuwa amemwelekeza kwamba ngozi inaanza kwenye maji mepesi ya magome, inahamishiwa kwenye mazito kidogo kidogo, na hiyo ni kazi ya siku arobaini au zaidi. Lakini zile siku kumi na nne za bwana afya zilikuwa zinamkaba. Mzee aliporudi Makumira kuhudhuria ibada ya Jumapili, Nasieku alichukua ngozi arobaini akazitumbukiza zote kwenye maji mazito, akiamini ukali wa dawa utafupisha siku. Kwa nje zilitoka na rangi nzuri ya kahawia. Mzee aliporudi alichukua moja, akaikata ukingoni kwa kisu, akamwonyesha. Katikati kulikuwa na mstari mweupe.

"Nje imekuwa ngozi," alisema. "Ndani bado ni nyama. Itaoza ikiwa mguuni mwa mtu."

Nosim aliniambia baadaye kwamba hiyo ndiyo siku pekee aliyomwona wifi yake akilia, na kwamba alilia huku anachimba shimo la kuzifukia. Nosim alimsihi aache. Alimwambia kwamba hata ukoo umeanza kumsema, mama mtu mzima ananuka kama mzoga kanisani. Nasieku akamjibu kwamba atakaa benchi la nyuma.

Siku ya kumi na nne bwana afya alifika akakuta banda limefagiliwa, hakuna hata ngozi moja. Alimpongeza kwa utii. Hakujua kwamba Nasieku alikuwa amehamishia ngozi na mapipa yote shambani kwake, nusu saa juu ya Ngaramtoni, mahali ambapo jirani wa karibu alikuwa shemeji yake mwenyewe na upepo ulielekea msituni. Huko alianza upya, ngozi kumi tu. Alihesabu siku kwa kokoto. Hakuziharakisha.

Mimi habari hizi nilizipata kwa vipande, kutoka kwa Nosim aliyekuwa akija mjini kununua chokaa. Sikuziamini sana. Niliamini zaidi duka langu, ambalo lilikuwa linakwenda vizuri, mpaka masika ya mwaka ule yalipoanza. Binti yangu Irine alikuwa darasa la tano. Wiki ya pili ya mvua alirudi nyumbani na kiatu kimefunguka kuanzia mbele hadi kisiginoni, kama mdomo wa samaki. Kilikuwa kiatu kutoka duka langu. Nikampa kingine. Nacho hakikumaliza mwezi. Akaniuliza, bila ubaya wowote, kama nilikuwa najua vikoje wakati nauza.

Karibu na duka langu yuko fundi viatu anaitwa Godbless. Nilipompelekea vile viwili avishone alinicheka, akasema plastiki haishikani na uzi. Kisha akatoa chini ya meza yake jozi ya viatu vya shule vya ngozi, vya kahawia vilivyopakwa rangi nyeusi, vizito kidogo, mshono wa mkono kuzunguka soli yote. Alisema ngozi analetewa na mama mmoja wa Ngaramtoni, na kwamba tangu aanze kufanya kazi hajawahi kushika ngozi iliyotengenezwa hapahapa kwa kiwango kile. Akanionyesha ukingo. Kwa masimulizi ya Nosim nilijua cha kutafuta. Hakukuwa na mstari mweupe.

Nilinunua ile jozi, nikamwomba Godbless asimwambie mtu. Irine alivivaa mvua zote.

Mwaka wa pili kazi ilikuwa imekua. Nasieku alikuwa na wanawake kumi na moja, mapipa ishirini na tatu, na Mzee Philemoni alikuwa amejengewa chumba. Walikuwa wanauza kwa mafundi wa Levolosi na Usa River, na Godbless alihamia Ngaramtoni kabisa kushona viatu vya shule. Hawakuwa matajiri. Kuna miezi waligawana kidogo mno, na jozi moja ya viatu vyao bado ilikuwa ghali kuliko mbili za kwangu.

Hapo ndipo wakala wa Dar es Salaam alipopiga simu. Sauti yake ilikuwa imechangamka kama zamani. Nchi moja iliyokuwa ikiviuzia viwanda vya Asia ilikuwa imefungiwa kwa sababu ya ugonjwa wa mifugo. Sasa ngozi mbichi zilitakiwa haraka, kwa bei ambayo hatukuwahi kuiona hata miaka ile mizuri. Alisema hata umbali wetu si tatizo tena. Nikafunga duka saa nne asubuhi nikapanda Ngaramtoni, na nakiri nilikuwa na furaha. Nilitaka kazi yangu ya zamani. Nilitaka pia, nadhani, kumpelekea yule mama habari njema kwa mikono yangu, kwa kuwa mbaya nilikuwa nimeipeleka mimi.

Niliwakuta wote kumi na wawili. Nikaeleza. Nilipotaja bei, wanawake walitazamana. Nosim alinitaka niirudie, nami nikairudia. Chini ya banda kulikuwa na ngozi mia tatu zilizotiwa chumvi, zikisubiri zamu ya mapipa. Lori moja lingewapa kwa siku moja fedha ya miezi minane ya kukoroga magome.

Nasieku aliniuliza ni kwa muda gani wataendelea kununua kwa bei hiyo. Nilimwambia ukweli, kwamba wakala mwenyewe hajui, inategemea ule ugonjwa utaisha lini.

"Kwa hiyo kuna ng'ombe wa watu wengine wanakufa huko, ndiyo maana sisi tumekuwa karibu," alisema. "Wakipona, tutakuwa mbali tena."

Nosim aliingilia kati. Alisema kwa heshima, lakini alisema wazi, kwamba yeye ana watoto wanne na paa linalovuja, na hela haina haja ya kuulizwa inatoka ugonjwa gani. Wengine wanne walimuunga mkono. Nilidhani Nasieku atakasirika. Badala yake alikwenda bandani akaanza kugawa ngozi, fungu moja kwa kila mwanamke, akichagua bila upendeleo, hata zile bora. Alipomaliza alisema anayetaka kuuza apakie, hakuna atakayenuniwa. Lake lilibaki pale pale chini.

Nilimfuata pembeni. Nilimwambia anaweza kuuza nusu, akabaki na nusu, asichague kama mtoto. Nilimwambia dunia haimwoni akiikasirikia.

"Sijaikasirikia," alinijibu. "Mwaka ule ulipokuja kuniambia ngozi zangu ni takataka, ulikuwa unasema kweli. Ya leo pia ni kweli. Zote mbili zimeamuliwa na mtu ambaye hajawahi kufika hapa. Mimi nimeshajifunza kuamua. Sitarudi nyuma kuwa mtu wa kusubiri simu yako, Baba Irine, hata ikiwa na habari njema."

Nilipakia ngozi za Nosim na wenzake wanne. Walilipwa vizuri, bila longolongo, na ni lazima niseme hivyo kwa sababu wapo wanaosimulia kisa hiki kana kwamba walitapeliwa. Nosim aliezeka nyumba kwa mabati ya rangi na akanunua mtamba. Nasieku alihudhuria ibada ya shukrani na akatoa mbuzi.

Aliyeumia ni Nasieku. Wachinjaji waliposikia bei mpya walianza kuuza kwa wanunuzi waliokuja na malori kutoka kila upande, na yeye hakuweza kuifikia ile bei. Mapipa kumi na tano yalikaa matupu. Nosim na wenzake wanne walikuwa wameshaacha kazi ya mapipa, na wanawake wawili zaidi wakamwacha. Akaanza kuzunguka kwa miguu kwenye harusi, kwenye misiba, kwenye maboma yaliyochinja kwa ajili ya Krismasi, akiomba ngozi moja moja kabla malori hayajafika. Tajeu, yule mchinjaji wa mkono wa kushoto, ndiye pekee aliyeendelea kumwekea ngozi zake zote kwa bei ya zamani. Nilipomuuliza kwa nini, alisema amezoea kukaguliwa.

Shughuli ile ya malori ilidumu miezi saba. Simu ilipokuja kwamba imekwisha, sikwenda kumwambia mtu. Wanunuzi walitoweka na makorongo yakaanza tena kunuka. Nosim alirudi kwa wifi yake, huku mtamba aliomnunua akiwa tayari ana mimba. Alipokelewa bila hotuba. Alipewa mchi wa kutwangia magome siku hiyo hiyo.

Na mimi nilifanya jambo ambalo lilinichukua muda kulimeza. Nilimaliza shehena ya mwisho ya viatu vya plastiki, nikamwomba Nasieku aniuzie vyake niviweke dukani. Alikubali kwa sharti moja, kwamba vikae mbele, si kwenye kona, na kwamba mteja akiuliza vinatoka wapi nisitaje kiwanda chochote cha kubuni. Nilikubali. Wapo wateja wanaovishika, wakasikia bei, wakavirudisha na kwenda duka la jirani. Siwalaumu. Nami nilikuwa nikiwauzia vya plastiki kama hivyo vya jirani, kwa furaha.

Mwezi uliopita nilipanda Ngaramtoni kuchukua jozi sitini kabla shule hazijafunguliwa. Nilikuta uwanja umejaa wazazi wa vijiji vya juu, wamekuja na watoto wao wapimwe miguu, na Godbless amepiga magoti na kipande cha boksi na kalamu. Nikamwendea Nasieku moja kwa moja, kama mteja mkubwa anavyofanya. Alinisalimia vizuri, akaniulizia Irine, kisha akaniambia za kwangu zitatoka kama zitabaki, baada ya hawa.

"Mama Yiamat, mimi nimetoka mjini," nikamwambia.

"Naona," alisema, akanionyesha mahali foleni inapoishia.

Nikaenda nikasimama nyuma ya baba mmoja aliyekuwa na watoto watatu.